Mkate, Riziki na Mafuta ya Kupima

Jumapili asubuhi huko Mbagala, Dar es Salaam, kati ya Zakhem na Rangi Tatu, Wakristo husali sala moja kwa maneno yasiyofanana. Wakatoliki wakifika katikati ya Baba Yetu humwomba Mungu mkate wa kila siku. Mtaa wa pili, wale wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952 na ambayo bado ndiyo inayobebwa kwapani katika makanisa mengi ya Kiprotestanti, humwomba riziki. Anayefungua Biblia Habari Njema atakuta chakula. Mwombaji ni yule yule mpangaji anayewaza kodi ya chumba. Kinachoombwa ndicho chenye majina matatu.

Mtu ataona ni mambo ya wafasiri tu. Lakini mkate unashikika, unapimika, ukikaa sana unaota ukungu. Riziki haijulikani mpaka imefika. Mtu anaweza kuwa na mkate akakosa riziki: anaununua jioni, anaufunika kawa, na asiamke kuula. Tonge likimponyoka mtu karibu na kinywa, Waswahili husema haikuwa riziki yake. Kwa hiyo anayeomba riziki ameomba zaidi ya chakula. Ameomba na kufikiwa nacho. Hapo ndipo maswali magumu yanapoanza. Hilo fungu limekwisha kupangwa, au linapatikana kwa jasho? Likichelewa, alaumiwe nani? Na kilichopatikana kwa hila nacho kiitwe riziki?

Ugumu huu haukuanzia kwenye Kiswahili. Katika Kigiriki cha Injili za Mathayo na Luka, mkate wa sala hii umepewa sifa ya epiousios, neno ambalo hakuna aliyeweza kulionyesha kwa uhakika katika maandishi ya kabla yake. Origen wa Aleksandria, aliyeandika katika karne ya 3 na ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake, alisema hajalikuta kwa wasomi wala kwa watu wa kawaida, akahisi waandishi wa Injili wameliunda wenyewe. Wengine wamelisoma kuwa mkate wa leo, wengine mkate wa siku inayokuja, wengine mkate unaotosha kuishi. Jerome, mtengenezaji wa Biblia ya Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, alilitafsiri neno hilo hilo kwa njia mbili. Katika Luka aliandika mkate wa kila siku. Katika Mathayo akaweka neno zito lenye maana ya mkate upitao vitu vyote vya kawaida, na wengi wakaiona Ekaristi ndani yake. Tena ni yeye aliyeeleza kwamba katika injili moja ya Kiebrania alikuta mahali hapo pameandikwa mahar, yaani kesho. Huenda basi waumini wameomba cha leo kwa karne nyingi kwa neno linaloomba cha kesho, na mwenye kuombwa ameelewa.

Mwaka 1889 ilidhaniwa fumbo limefumbuliwa. A. H. Sayce, mtaalamu Mwingereza, alisoma kipande cha mafunjo kutoka Misri chenye orodha ya matumizi ya nyumbani, akaona herufi alizozisoma kuwa neno lile lile. Wasomi wakafurahi: kumbe ni neno la sokoni, posho ya siku! Kipande kikapotea. Kilipoonekana tena katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1998 na kusomwa upya, ikabainika Sayce alizisoma herufi vibaya. Kilichoandikwa pale ni mafuta.

Mtu wa Tandika, hukohuko Dar es Salaam, hangeshangaa. Mafuta ndiyo roho ya orodha yoyote ya jioni. Gengeni, dumu la lita 20 limewekwa juu ya kigoda, na juu ya mfuniko wake kuna kipimo, kikombe kidogo chenye mkono mrefu kilichogandwa na vumbi pembeni. Mtoto anatumwa na kikombe cha plastiki na sarafu ya mia tano. Mwenye genge anachota, anainua kipimo, anasubiri tone la mwisho lianguke, kisha anamsikia mtoto akisema, "Mama kasema umwongezee." Anaongeza kidogo. Nyanya ni fungu moja, vitunguu viwili, unga nusu kilo. Vyote vitakwisha usiku ule, na kesho jiko linaanza upya. Ukiyajumlisha mafuta ya kupima mpaka yatimie lita, ni ghali kuliko ya chupa, na hakuna mama wa Temeke asiyeijua hesabu hiyo. Shida ni kwamba lita nzima hutaka fedha ya siku kadhaa ikae mkononi kwa wakati mmoja.

Kitabu cha Kutoka kinasimulia mana ya jangwani: kila mtu aliokota kiasi cha siku, pishi moja kwa kichwa, na aliyeweka akiba akaikuta asubuhi imeota mabuu. Wahubiri wengi huifanya hadithi hiyo somo la kumtumaini Mungu. Ni somo zuri, ila linahubirika vizuri zaidi na mwenye friji.

Waingereza, ambao wamishonari wao walikuwa miongoni mwa walioisalisha sala hii kwa Kiswahili huko Unguja na Mombasa katika karne ya 19, nao wana historia yao ya mkate. Katika Kiingereza cha kale mkate uliitwa hlaf. Neno bread, ambalo asili yake bado wataalamu wanabishania, kwa maelezo mojawapo lilikuwa na maana ya kipande, tonge la kitu. Baadaye bread likatwaa kiti na hlaf likabaki pembeni kama loaf, mkate mzima. Lakini lilikuwa limekwisha kuzaa watoto wakubwa. Hlafweard, mlinzi wa mkate, akafupishwa akawa lord, bwana. Hlafdige, mkanda unga, akawa lady, bibi. Mwingereza anapomwita Mungu Bwana, chini ya ulimi wake amekaa mwenye ghala anayewagawia mikate watu wa nyumbani mwake. Kilatini kikazaa jingine: wanaokula panis, mkate, kwa pamoja wakawa company, na ndiyo kampuni iliyoandikwa kwenye vibao vya barabara ya Kilwa. Katika karne ya 20 vijana wa Kiingereza wakaanza kuita fedha bread. Vijana wa Manzese wanasaka tonge, na hakuna aliyewafundisha.

Yule mwenye ghala ni wa kumkumbuka. Katika neno lake tunaona kwamba mkate ulikuwa kitu cha kupewa kutoka juu, na aliyekula mkate wa mtu akawa mtu wa mtu huyo. Hakuwa na chake.

Kiswahili kilipoombwa neno la mkate wa Biblia, kilikuwa nalo, lakini mkate wa pwani ulikuwa wa kumimina, wa mofa, wa sinia, wa kunywea chai. Haukuwa ndio uhai wenyewe kama ngano ilivyokuwa Palestina. Uhai ulikuwa wali, muhogo, ugali. Walioandika riziki walilijua hilo. Waliobaki na mkate nao wana hoja yao, maana Yesu alimega kitu kinachoonekana, hakumega dhana. Tangu hapo mkate wa boflo umeshuka mpaka kwenye kila kibanda cha Dar es Salaam, na una gharama isiyotajwa mezani. Ngano nyingi inayoliwa nchini hutoka nje. Mashamba makubwa ya ndani yaliyoanzishwa Hanang kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Kanada, chini ya shirika la NAFCO, yalichukua takriban ekari 100,000 zilizokuwa malisho ya Wabarbaig, pamoja na makaburi ya wazee wao. Wakazi wa mji wakapata slesi za asubuhi; wafugaji wakahamisha mifugo, wakaenda mahakamani. Anayesali sala ile kwa neno la mkate angeweza kusimama hapo kidogo.

Riziki nayo imesafiri. Wengi huihesabu Kiarabu safi, na haki yao: mzizi wake umo katika Kurani zaidi ya mara mia moja, na mmoja wa majina ya Mwenyezi Mungu ni Ar-Razzaq, Mwenye kuruzuku. Ndiyo maana kuna kina Abdulrazak, mja wa huyo anayeruzuku. Dunia nzima ililazimika kulitamka jina hilo mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, alipopewa Nobel ya fasihi. Ndiyo maana pia pwani ina wanawake wengi waitwao Riziki. Ila Arthur Jeffery, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maneno ya kigeni ndani ya Kurani, alikubaliana na wataalamu waliolirudisha nyuma zaidi, kupitia Kisiria hadi Kiajemi cha zamani, kwenye neno rozig, linalotokana na roz, siku. Mwajemi wa leo akisema rozi ana maana ya chakula chake cha siku. Siku hiyo hiyo imo katika Nairuzi, siku mpya, mwaka ambao watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huukoga kila Julai. Ikiwa Jeffery na wenzake wamepatia, basi Mkatoliki wa Mbagala na jirani yake Mlutheri hawatofautiani: "kila siku" inayotamkwa na mmoja imejificha ndani ya "riziki" ya mwenzake.

Na siku hiyo ilikuwa na mwajiri. Katika dola ya mwanzo ya Kiislamu, rizq lilikuwa pia jina la posho ya askari, nafaka na mafuta waliyopewa mbali na fedha yao. Katika hati za Kigiriki zilizobaki Misri kutoka mwanzo wa karne ya 8, neno hilo limeandikwa rouzikon, mchango uliotozwa vijiji ili jeshi lile. Upande mmoja wa hati ni riziki, upande wa pili ni kodi. Kiswahili nacho kina ngazi zake za kulipana, na zote zimepimwa kwa muda au kwa karatasi. Mshahara umetoka katika neno la Kiarabu la mwezi. Kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa katika miji ya pwani ya karne ya 19, mpaka mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la cheti chake. Mwalimu wa Chang'ombe ana mwezi, muuza karanga wa Tandika ana siku. Waziri akitaja "kuboresha mishahara" na jirani akitaja "riziki" hawazungumzii kipato kidogo na kikubwa peke yake. Wanaishi katika kalenda mbili.

Walioipandisha riziki kutoka ghalani hadi mbinguni walifanya kazi kubwa, na haikuwa ya ujanja. Kama fungu la mtu liko kwa Mungu, basi haliko kwa amiri wala kwa tajiri, na anayekula hana wa kumpigia magoti duniani. Hadithi iliyopokewa na Ibn Mas'ud, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, inasema kuwa mtu angali tumboni mwa mama yake malaika hutumwa kuandika mambo manne: riziki yake, ajali yake, amali yake, na kama atakuwa mwenye heri au mwenye kuangamia. Kiswahili cha mjini kimeyatawanya hayo. Ajali, iliyokuwa muda aliokadiriwa mtu kuishi, leo ni kile kilichompata dereva wa bodaboda pale Mtoni kwa Azizi Ally. Amali imepewa kazi wizarani: toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu limeleta mkondo wa amali, ambamo wanafunzi hujifunza ufundi na stadi za kazi. Ni riziki tu iliyobaki jirani na malaika.

Je, iliyokwisha kuandikwa ina haja gani ya kutafutwa? Methali zimegawana kambi. Riziki haivutwi kwa kamba, na riziki ni kama ajali, huitambui ijapo. Upande wa pili kuna mtaka cha mvunguni na mgaagaa na upwa. Kinachochekesha ni kwamba zote nne zinaweza kutoka katika kinywa kimoja kwa siku moja. Alfajiri baba humwamsha kijana wake kwa mvungu. Jioni, biashara ikiwa imelala, humfariji kwa kamba. Wanafalsafa wangemwita mtu huyo mwenye kujipinga. Masheikh wa mitaani hawaoni kupingana, nao hutoa hadithi ya ndege, anayetoka asubuhi tumbo tupu na kurudi jioni ameshiba: hakupanga kitu, lakini aliruka. Tena Kurani yenyewe, katika sura ya Ijumaa, inawataka waumini wakimaliza kusali watawanyike watafute fadhila za Mungu. Tandika agizo hilo halihitaji kukumbushwa. Turubai lililofunika meza ya viatu wakati wa hotuba hufunuliwa wenye meza wakiwa bado na maji ya udhu kwenye ndevu.

Kuna mjadala wa zamani ambao ungefaa kurudishwa vibarazani. Huko Basra na Baghdad, katika karne za kwanza za Uislamu, wanazuoni wa Mu'tazila walisema kitu cha haramu si riziki. Mungu ni mwadilifu, hatoi uovu; mwizi akila alichoiba, amekula tu, hakuruzukiwa. Wapinzani wao, ambao baadaye walifuata njia ya Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki katika karne ya 10, wakajibu kwa swali: vipi kuhusu mtu aliyelelewa na wezi, akala vya wizi tangu kuzaliwa hadi kufa? Je, huyo aliishi maisha yote bila Mungu kumlisha hata siku moja? Haiwezekani. Basi chochote kinachomfaa mtu mwilini ni riziki yake, halali iwe au haramu. Tofauti ni kwamba ya haramu ataulizwa. Waislamu wengi wa pwani, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, wamelelewa katika jibu hili la pili hata kama hawajawahi kulisikia jina la Ash'ari.

Kwa akili, Ash'ari alishinda. Mtaani, hata hivyo, ushindi wake umekatwa nusu. Watu wamechukua sehemu ya kwanza, kwamba kila kinachoingia mfukoni ni riziki, na sehemu ya pili, ya kuulizwa, wakaiacha msikitini. "Na sisi tunatafuta riziki" ni sentensi inayofunga mjadala wowote Dar es Salaam. Konda anayepandisha nauli mvua inaponyesha husema hivyo. Fundi aliyefunga kifaa kibovu husema hivyo. Anayepokea kitu kidogo ili faili lisogee husema hivyo, tena kwa upole, kana kwamba mwenye kulalamika anataka watoto wake wafe njaa. Wa Mu'tazila wangemvua neno hilo papo hapo. Ni hoja dhaifu kwa wanazuoni, lakini ingekuwa na manufaa kwenye kituo cha daladala.

Kubeti kumeirudisha hoja hiyo kwa nguvu. Vibanda vya kubashiri mechi vimejaa kuanzia Mwananyamala mpaka Mbagala Kuu, kwa leseni za Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kijana anayechambua mkeka wake wa timu nane anatumia msamiati wa ibada: anasubiri, ana imani, leo si siku yake. Mkeka ukichanika, haikuwa riziki. Ukitiki, Mungu mkubwa. Sheikh na padri, ambao hawakubaliani kwa mengi, wote humwambia ni dhambi au angalau ni upotevu; serikali inamwambia ni halali na inakata kodi kwenye ushindi wake. Lakini kijana ana swali lake ambalo hujibiwa kwa nadra: kama riziki huja usipoijua, kwa nini isije kupitia goli la dakika ya 90? Anayetaka kumjibu asiishie kwenye orodha ya haramu. Afike kwenye tofauti kati ya ndege anayeruka na ndege anayesubiri shamba la mwenzake lidondoshe mbegu, kwa sababu kila shilingi inayotoka katika mkeka uliotiki imetoka katika mikeka iliyochanika.

Hofu ya riziki kuhama kutoka mkono hadi mkono ni kubwa kuliko kubeti. Wafanyabiashara wa masoko ya Temeke huzungumza kwa uzito kuhusu chuma ulete, mteja anayelipa noti na noti hiyo ikiondoka na wenzake wote waliokuwa kwenye droo. Kwenye nguzo za umeme kuna matangazo ya waganga wanaorudisha nyota iliyochukuliwa na kufungua biashara iliyofungwa. Muuzaji wa asubuhi humwita mteja wa kwanza, "Dada, njoo unifungulie," na hatakubali huyo aondoke mikono mitupu hata kama hapati faida. Katika imani hizi riziki si ya Mungu wala ya jasho. Ni kama maji ya bomba la mtaa, mwenzako akifungua kwake kwako yanapungua. Makanisa ya upako yanapiga vita uganga huo, ila mara nyingi yameuazima mchoro wake wote: kuna aliyefunga, kuna wa kufungua, kuna mafuta. Februari 1, 2020, uwanjani mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa kugombea kuyakanyaga mafuta ya upako. Hawakuwa wameenda kutafuta anasa.

Siku hizi bajaji nyingi zimeandikwa "ridhiki". Walimu wa Kiswahili hukunja uso. Wakunje taratibu, maana aliyeandika dh amesikia radhi na kuridhika ndani ya neno, na hata kama nasaba ni ya uongo, hamu ni ya kweli: kipato kinachomtosha mtu mpaka akatulia.

Dola za duniani nazo zimekuwa zikiamua nani anatafuta riziki na nani anazurura. Nyerere, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, aliikumbusha nchi methali ya mgeni anayepewa jembe siku ya tatu. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ikafika mbali zaidi: waliokosa uthibitisho wa kazi walikamatwa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa vijijini kulima. Muuza karanga aliyetoka kwake alfajiri kama yule ndege alihesabiwa hana kazi. Desemba 2018 upepo ukageuka, Rais John Magufuli akaleta vitambulisho vya shilingi 20,000 ili wamachinga waachwe wafanye biashara bila kusumbuliwa. Oktoba 2021 ukageuka tena, vibanda vikaondolewa kando ya barabara na wenyewe kuelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa, mengi yasiyo na wapita njia. Mara zote mbili za kufukuzwa, neno lililosikika kwa walioondolewa lilikuwa moja, riziki, na hapa halikuwa kisingizio. Hapa lilikuwa karibu na maana yake ya kwanza: siku imeondolewa, na siku ndiyo yote waliyokuwa nayo.

Ukali wa neno hili huonekana hasa kwenye bei. Imepokewa kwamba bidhaa zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume aweke bei, naye akakataa, akieleza kuwa Mungu ndiye mwenye kupanga bei, mwenye kubana na kukunjua, mwenye kuruzuku. Wafanyabiashara wameipenda hadithi hiyo katika kila zama. Ibn Taymiyya wa Damascus, aliyefariki mwaka 1328, aliisoma kwa macho mengine. Bidhaa ikipanda kwa sababu imepungua au walaji wameongezeka, alisema, hilo ni la Mungu na kumlazimisha muuzaji ni dhulma. Lakini ikipanda kwa sababu watu wameificha, mtawala ana haki ya kuwalazimisha wauze kwa thamani ya kawaida.

Januari 2024 sababu hizo mbili ziliingia Dar es Salaam kwa mlango mmoja. Mvua za El Niño zilikuwa zimezuia uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika wiki chache kabla ya Ramadhani, na serikali ikalaumu mvua na waficha sukari kwa pamoja. Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi za rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea eneo. Kisheria lilikuwa jibu la Ibn Taymiyya. Lakini uswahilini sukari nyingi hainunuliwi kwa kilo. Hununuliwa kwa robo, au kwa vifuko vidogo vilivyofungwa fundo na kupangwa kwenye beseni pembeni ya chumvi, na kwenye vifuko hivyo hakuna aliyeelekeza bei.